Fedha zilizotoka mara mbili: jinsi programu zinavyofundishwa kungoja

Kila anayeishi ughaibuni na kutuma fedha nyumbani anakijua kigurudumu kile kidogo kinachozunguka katikati ya skrini baada ya kubonyeza kitufe cha mwisho. Huzunguka sekunde mbili, tatu, kisha ukurasa hubadilika na kuandika kwamba fedha zimekwenda. Siku nyingine huzunguka tu.

Mwaka 2011, usiku mmoja wa Ijumaa hapa London, kilinizungukia dakika nzima. Dada yangu mkubwa alikuwa amelazwa Tanga, na hospitali ilitaka malipo ya awali kabla ya upasuaji wa Jumatatu. Nilingoja, nikangoja, ukurasa ukabaki mweupe. Nikarudi nyuma, nikajaza fomu upya, nikabonyeza tena. Safari hii jibu likaja mara moja.

Asubuhi yake benki ilinionyesha kwamba fedha zimetoka mara mbili. Fungu la kwanza lilifika Tanga. Fungu la pili, ambalo ndilo lililokuwa kodi yangu ya nyumba, lilizuiliwa na kampuni iliyohusika kwa ajili ya ukaguzi, halikufika kwa dada wala halikurudi kwangu kwa majuma matatu. Katika majuma hayo nilikopa kwa watu ambao nisingependa kuwakopa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada huyo huyo, wakati ule akisomea kompyuta Dar es Salaam, alinisikiliza kwenye simu hadi mwisho. "Mjomba," akasema, "hapo hakuna kompyuta iliyokosea hesabu. Kuna mtu aliyeandika namna ya kutuma, akasahau kuandika namna ya kungoja."

Kwa miaka mingi nilidhani ananifariji. Baadaye nilijifunza kwamba kungoja ni elimu kamili katika uandishi wa programu za kompyuta, yenye historia yake, mabishano yake na majina yake. Wenyewe huiita asinkroni, yaani utaratibu ambao kazi moja haiizuii nyingine kwa sababu tu inasubiri jibu.

Miaka tisa na nusu

Programu tunazozitumia kila siku, za benki, za simu, za magazeti, hazitumii muda wao mwingi kupiga hesabu. Zinangoja. Zinangoja hifadhidata itoe jina la mteja, zinangoja diski isome faili, zinangoja kompyuta iliyo nchi nyingine ijibu.

Ni vigumu kwa binadamu kuhisi urefu wa kungoja huko, kwa hiyo tuchukue mfano. Prosesa ya kawaida ya leo hupiga mapigo yapatayo bilioni tatu kila sekunde. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka London hadi Dar es Salaam, kwa mstari wa angani, ni kilomita 7,500 hivi. Kwenda na kurudi, hata kama waya ungelazwa umenyooka kama rula, ni milisekunde 75, nao haujanyooka: kuna bahari na mabara ya kuzungukwa. Tuseme milisekunde 100, kwa ukarimu. Katika muda huo prosesa hupiga mapigo milioni 300. Tukiligeuza kila pigo kuwa sekunde moja ya saa ya ukutani, kungoja jibu moja kutoka Dar es Salaam ni kukaa kitini miaka tisa na nusu bila kufanya lolote.

Hali ilikuwa mbaya zaidi kabla ya nyaya za baharini kufika pwani yetu, SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Mawasiliano mengi ya intaneti yalipitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ombi pamoja na jibu lake vilikaribia nusu sekunde njiani hata pale ambapo kila kitu kilikuwa shwari. Aidha, M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, mitambo yake mikuu ilikuwa Ulaya, na haikuhamishiwa Kenya hadi mwaka 2015. Mtu wa Kisumu akimtumia jirani yake shilingi mia tano, hesabu ilifanywa Ulaya na kurudi.

Kwa hiyo kungoja hakuepukiki. Linalobaki ni kuamua, wakati jibu lingali njiani, nani atakaa bila kazi.

Mama lishe mmoja

Jibu la kwanza la wahandisi lilikuwa kuajiri watu wengi. Kompyuta inaweza kuigawa kazi yake katika nyuzi, kila uzi ukafuata maagizo yake wenyewe. Ombi la mteja likiingia hupewa uzi wake. Uzi huo ukikwama kungoja, nyingine zinaendelea. Ni utaratibu unaoeleweka, na kwa wateja mia moja hauna ubaya wowote.

Lakini uzi una gharama. Kila mmoja hutengewa nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, aghalabu megabaiti moja, na mashine hupoteza nguvu kwa kuruka kutoka uzi hadi uzi. Mwaka 1999 mhandisi Dan Kegel wa Marekani aliandika makala mashuhuri akisema kwamba umefika wakati seva moja ihudumie wateja elfu kumi kwa pamoja, kwani vifaa vya wakati ule vilikuwa na uwezo huo. Nyuzi elfu kumi za megabaiti moja moja ni takriban gigabaiti kumi za kumbukumbu, karibu zote zikikaliwa na wafanyakazi wanaotazama dari.

Anayetaka kuiona njia ya pili na aende karibu na feri ya Kigamboni saa sita mchana, amtazame mama lishe. Ana majiko manne, wateja ishirini na mikono miwili. Hasimami mbele ya sufuria ya wali hadi uive. Anaubandika, anageukia samaki, anapokea fedha, anamsikiliza mteja mpya, na mvuke ukianza kuinua kifuniko ndipo anaurudia wali. Ni mtu mmoja, na kwa dakika yoyote ile anafanya jambo moja tu, lakini hakuna sufuria inayomfunga.

Hivyo ndivyo unavyofanya kazi ule ambao wataalamu huuita mzunguko wa matukio. Uzi mmoja huzunguka bila kukoma ukiuliza: kuna jibu lililofika? kuna mteja mpya? kuna muda uliotimia? Penye tukio hulihudumia, kisha huendelea. Seva ya nginx, iliyotolewa kwa umma na Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004, ilijengwa kwa mtindo huu. Mwaka 2009 Ryan Dahl alisimama mbele ya mkutano wa wanaprogramu mjini Berlin na kuonyesha Node.js, chombo kilichoipeleka lugha ya JavaScript, iliyozoea kukaa ndani ya kivinjari, kwenda kuendesha seva kwa mzunguko huo huo.

Mtindo huu una sharti moja kali. Mama lishe akiamua kukuna nazi arobaini mwenyewe, wali utaungua, samaki wataungua na wateja watahama. Vivyo hivyo, hesabu moja nzito ikiingizwa ndani ya mzunguko, kila mteja anasimama, hata yule aliyetaka tu kuona salio lake. Kazi ya namna hiyo hupelekwa kwa msaidizi aliye pembeni, katika uzi au programu nyingine. Asinkroni hupunguza kungoja. Haiongezi nguvu za kukuna nazi.

Kutoka ngazi hadi ahadi

Sasa tufike kwenye msimbo wenyewe, kwa kuwa hapa ndipo watu walipoteseka.

Katika mtindo wa zamani wa Node.js, kila kazi yenye kuchelewa ilikabidhiwa pamoja na kolibaki, yaani maagizo ya "ukimaliza, niite hapa". Kwa kazi moja ni jambo rahisi. Lakini kutuma fedha si kazi moja. Sharti upate bei ya kubadilishia, kisha ukague akaunti ya mtumaji, kisha uthibitishe jina la mpokeaji, kisha utume, kisha uandike risiti. Kila hatua iliandikwa ndani ya maagizo ya hatua iliyotangulia, msimbo ukasogea kulia kama ngazi ya mnara, na katika kila ngazi mwandishi alipaswa kukumbuka kuandika upya la kufanya endapo mambo yataharibika. Nimefanya kazi ya uhariri zaidi ya miaka thelathini, na naweza kuapa kwamba jambo ambalo mtu anatakiwa kulikumbuka mara tano, mara ya nne atalisahau.

Dawa ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa. Mwaka 1988 Barbara Liskov na Liuba Shrira wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts walieleza kitu walichokiita ahadi. Badala ya kungoja thamani yenyewe, programu hupewa mara moja kitu kinachoiwakilisha thamani itakayokuja, mithili ya stakabadhi ya dobi. Stakabadhi unaweza kuiweka mfukoni, kumpa mtu mwingine, au kuzikusanya tano na kusema utarudi nguo zote zikiwa tayari. Ahadi ina hali tatu tu: bado, imetimizwa, au imevunjika. Ikivunjika, sababu yake hushuka hadi mahali pamoja palipoandaliwa kuipokea, na ule usahaulifu wa ngazi ya nne ukapungua sana. JavaScript iliipokea ahadi rasmi mwaka 2015.

Hatua iliyofuata ndiyo inayotumika kwa wingi leo. Mwaka 2012 Microsoft iliongeza katika lugha ya C# maneno mawili, moja la kutangaza kwamba shughuli fulani ni ya asinkroni, na la pili linalosema "ngoja hapa". Python ikafuata mwaka 2015, JavaScript mwaka 2017, Swift mwaka 2021. Kwa maneno hayo msimbo unasomeka kutoka juu kwenda chini kama barua: pata bei, ngoja; kagua akaunti, ngoja; tuma, ngoja. Ila "ngoja" hii si ya kushika simu sikioni. Shughuli inapolifikia neno hilo hukunjwa pamoja na yote iliyokuwa ikiyakumbuka, huwekwa pembeni, na uzi huachwa huru uhudumie wengine. Jibu likifika, shughuli hukunjuliwa na kuendelea palepale ilipoishia.

Wanaoanza hunaswa na usomekaji huo mzuri. Tuseme bei ya kubadilishia huchukua milisekunde 300, ukaguzi wa akaunti 400 na jina la mpokeaji 500. Ukiandika ngoja tatu mfululizo, mteja amengoja milisekunde 1,200, ingawa hakuna kati ya kazi hizo inayoitegemea nyingine. Anayejua huzianzisha zote tatu kwanza, akakusanya stakabadhi zake, ndipo akangoja zote kwa pamoja. Mteja hungoja zile 500 za kazi ndefu kuliko zote.

Wapo wasioukubali mkondo huu wote. Wanasema kosa lilikuwa nyuzi kuwa ghali, basi zifanywe rahisi na watu waandike kama zamani. Kampuni ya Ericsson ya Uswidi ilianza njia hiyo na lugha ya Erlang tangu miaka ya 1980. Go, lugha iliyotangazwa na Google mwaka 2009, imejengwa juu yake. Na Java ilipotoa toleo lake la 21 mwezi Septemba 2023 ilileta nyuzi nyepesi ambazo mashine moja inaweza kubeba mamilioni yake. Mimi si mwamuzi wa ugomvi huo, lakini naona kwamba pande zote mbili zinapofika kwenye matatizo mawili yanayofuata husimama mahali pamoja.

Pengo

La kwanza ni kwamba ulimwengu hausimami wakati wewe unangoja.

Fikiria akaunti yenye shilingi 100,000. Mteja, kama mimi usiku ule, anatuma ombi la shilingi 80,000 mara mbili. Shughuli ya kwanza inasoma salio: 100,000, zinatosha. Inasema "ngoja" wakati inathibitisha jina la mpokeaji. Katika pengo hilo shughuli ya pili inaingia na kusoma salio: bado 100,000, zinatosha. Kisha ya kwanza inarejea na kutoa 80,000, nayo ya pili inarejea na kutoa 80,000. Kila moja ilikagua kwa uaminifu, na kwa pamoja zimetoa 160,000.

Jambo la kushangaza ni kwamba haya hutokea hata kwenye uzi mmoja. Nimesikia vijana wakisema kwa kujiamini kwamba mzunguko wa matukio unafanya jambo moja kwa wakati, kwa hiyo hauwezi kujikanyaga. Unaweza. Kila palipoandikwa "ngoja" ni mlango ulioachwa wazi, na kilichosomwa kabla ya mlango huo kimekwisha kuwa habari ya jana. Mhariri yeyote aliyechapisha idadi ya wapigakura aliyopewa saa moja, ilhali tangazo limebadilika saa mbili, anaelewa.

Suluhisho ni kutouacha ukaguzi na utoaji vitengane. Hifadhidata huagizwa kwa sentensi moja: punguza 80,000 endapo salio halipungui 80,000. Ama inafanyika yote au haifanyiki kabisa, na anayekuja wa pili anakuta salio jipya.

Kimya

La pili ni kubwa zaidi.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini, na intaneti ikazorota au kukatika katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika. Kwa msomaji wa habari ilikuwa kero. Kwa mwandishi wa programu ya fedha ilikuwa mtihani, maana maombi yaliyokwisha kuondoka yalikutana na kimya.

Kimya hicho kina sababu tatu zinazowezekana. Huenda ombi lilipotea kabla ya kufika. Huenda lilifika, kazi ikashindikana. Huenda lilifika, kazi ikafanyika, na lililopotea ni jibu. Kwa aliyetuma, yote matatu yana sura moja: kigurudumu kinazunguka.

Kila programu ya heshima huweka ukomo wa kusubiri, tuseme sekunde thelathini. Lakini kinachosemwa na ukomo huo ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Haumaanishi kwamba kazi imeshindikana. Unamaanisha kwamba hatujui. Kampuni niliyoitumia mwaka 2011 ilikuwa imeandika programu inayoujua mwisho wa namna mbili, heri na shari, na haikuwa na ukurasa wa kumwambia mteja kwamba haijui. Ikanionyesha weupe, nami nikaujaza kwa kidole changu.

Kufuta nako si dawa. Ukifunga ukurasa, programu inaweza kuacha kungoja, lakini barua iliyokwisha kutiwa kwenye sanduku la posta haitolewi kwa kuondoka pale sandukuni.

Njia iliyokubalika ni kulifanya ombi liwe la namna ambayo likirudiwa halizidishi kitu. Mfano wake ni mtu anayebonyeza kitufe cha kuita lifti: akibonyeza mara saba, lifti inayokuja ni moja. Katika msimbo hufanywa hivi. Mteja anapofungua fomu ya kutuma fedha, programu inaitengenezea fomu hiyo namba ya pekee, kabla kitufe hakijaguswa. Namba hiyo husafiri na ombi. Seva inapolipokea huitazama kwanza: nimewahi kuiona? Kama haijawahi, inaiandika na kufanya kazi. Kama imewahi, haitoi fedha tena, inarudisha jibu lile lile la mwanzo. Basi ombi linaweza kurudiwa na mtu mwenye wasiwasi, na linaweza kurudiwa na programu yenyewe, ambayo hujaribu baada ya sekunde moja, kisha mbili, kisha nne, kisha nane, ikichanganya na bahati nasibu kidogo ili maelfu ya simu yasibishe hodi kwa pamoja mara tu waya unapounganishwa.

Wenye maduka ya mtandaoni nchini Kenya wanalijua somo hili kupitia Daraja, jina ambalo Safaricom imeupa mfumo wake wa kuunganisha programu za watu wengine na M-Pesa. Duka likiomba malipo, hujibiwa papo hapo kwamba ombi limepokewa. Jibu hilo si malipo. Mteja ndiyo kwanza anaona kwenye simu yake dirisha la kuweka namba ya siri. Huenda akaiweka, huenda akakataa, huenda simu iko mfukoni ndani ya matatu yenye kelele. Matokeo huja baadaye, kwenye anwani ambayo duka limeitaja katika ombi lake: sifuri kwa malipo yaliyofanikiwa, 1032 kwa mteja aliyeghairi, na namba nyingine kwa sababu nyingine. Mwandishi mgeni anayelisoma jibu la kwanza kana kwamba ndilo la mwisho atatoa bidhaa bure. Anayengoja lile la pili bila mpango mwingine naye ataumia siku ambayo seva yake imezimika matokeo yakibisha hodi. Kwa hiyo mfumo unayo pia njia ya kuuliza: ombi langu fulani limeishia wapi? Na mwandishi makini huchukulia kwamba taarifa hiyo hiyo inaweza kumfikia mara mbili, akaipokea kwa utaratibu ule ule wa namba ya pekee.

Watoto wa kazi

Limebaki jambo ambalo wakubwa wa fani hii walilishughulikia kwa kuchelewa: kazi zilizoanzishwa na kusahauliwa.

Ni rahisi mno kuandika "tuma ujumbe wa simu kwa mpokeaji" bila kungoja, na kuendelea. Ujumbe usipokwenda, hakuna anayejua. Kwa miaka mingi Node.js ilipokutana na ahadi iliyovunjika bila mtu wa kuipokea ilitoa onyo tu na kuendelea. Kuanzia toleo la 15, mwezi Oktoba 2020, programu nzima husimama. Walilalamika waliolalamika. Mimi naona ni afadhali kusimama kwa kishindo kuliko kupotea kwa adabu.

Mwaka 2018 mwanaprogramu Nathaniel J. Smith aliandika insha ndefu akidai kwamba hakuna kazi inayostahili kuanzishwa bila mzazi. Katika maktaba yake ya Python iitwayo Trio, kazi ndogo huanzishwa ndani ya kitu alichokipa jina la chekechea. Mzazi hawezi kutoka chekecheani hadi kila mtoto aonekane: aliyemaliza, aliyeshindwa, au aliyesimamishwa. Mmoja akianguka, wengine husimamishwa na habari hupandishwa juu. Python yenyewe iliingiza utaratibu unaofanana na huo katika toleo la 3.11, mwezi Oktoba 2022.

Niliposoma hayo nilikumbuka dawati la habari nilipoanzia kazi, kabla sijaondoka nchini kwa sababu ambazo si za makala haya. Waandishi sita hutumwa asubuhi, na ukurasa haufungwi hadi kila mmoja ajulikane alipo. Asiyerudi na habari hurudi na maelezo. Asiyerudi kabisa hutafutwa. Siku moja hatukumtafuta mtu kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake amempigia. Alikuwa amekaa kituo cha polisi tangu saa nne asubuhi.

Mpwa wangu sasa anaandika programu za namna hii Nairobi. Mwezi uliopita, nikimtumia mama yake fedha za dawa kupitia kampuni nyingine kabisa, kigurudumu kilizunguka kwa muda niliouzoea. Kisha ukurasa ukaandika: "Ombi lako tumelipokea. Bado hatujapata jibu kutoka upande wa mpokeaji. Usitume tena, tutakuarifu." Chini yake palikuwa na namba ya ombi.

Nilibonyeza tena, makusudi. Ikarudi namba ile ile. Baada ya dakika nne dada akapiga simu kutoka Tanga kusema zimefika, nami nikamwuliza ni kiasi gani, nikamwomba anisomee tarakimu moja moja.